Bahari Iliyoshuka kwa Kiganja

Alhamisi, 19 Septemba

Bahari imeshuka. Bahari haishuki! Nimekaa na daftari tangu asubuhi, nimehesabu upya mara tatu, chai imepoa mezani. Juni sawa. Julai sawa. Agosti, kuanzia tarehe kumi na mbili, maji yako chini kwa sentimita kumi na moja. Si siku moja wala mbili. Kila siku, mpaka leo.

Upepo haufanyi hivyo. Upepo huja ukaondoka.

Tarehe kumi na mbili Agosti mimi nilikuwa Sfax, natolewa mtoto wa jicho. Siku tisa sikuwepo, watu wa bandarini ndio walioniandikia. Niliporudi namba zilionekana ngeni, nikadhani ni jicho. Jicho sasa zima kabisa. Namba bado ngeni.

Na mashine ya kujipimia maji imekufa tangu Ramadhani – waya wa boya ulikatika. Ulikatika au ulikatwa? Wakati ule sikuuliza. Imebaki kazi ya mkono: mti wa kipimo, yaani ule upau mrefu wa chuma wenye mistari na namba, umefungwa kwa bolti nne kwenye ukuta wa gati, na mimi, mara nne kwa siku, nasoma maji yamefika wapi.

Nimemwambia mkuu wa bandari, Lamjed, ambaye wote tunamwita Si Lamjed, yaani Bwana Lamjed. Kacheka. "Wasila, bahari ikipanda unanung'unika, ikishuka unanung'unika. Ungeolewa nayo ungeshaidai talaka." Wavuvi wote wakacheka. Yeye alianza kucheka kabla sijamaliza sentensi.

Jumamosi, 21 Septemba

Barua kutoka ofisi ya Tunis. Tume inakuja katikati ya Oktoba kuchora mstari. Watachukua maji ya juu kabisa yaliyoandikwa kwenye daftari langu katika miezi miwili kabla ya kufika kwao, wayapeleke nchi kavu, na pale yanapoishia – upande wa kuelekea ufukweni ni wa bahari, maana yake ni wa serikali. Ukiwa na nyumba upande huo, nyumba si yako tena. Huwezi kuirithisha, huwezi kujenga choo.

Hapa kwetu Sidi Ghrib nchi ni bapa kama sinia. Maji yakipanda upana wa kiganja kimoja, ni mita themanini za ardhi. Nimehesabu kwa kidole kwenye ramani: nyumba arobaini na moja. Yetu ni ya sita kutoka ufukweni. Mama amezaliwa humo.

Kwa hiyo nani anafaidika bahari ikishuka? Swali zuri. Jibu: kila mtu! Haya, Wasila, kazi kwako.

Jumapili, 22 Septemba

Nimekwenda kuchunguza bolti. Hakuna cha kuona. Ukuta wa gati umepakwa lami upya, mweusi tititi, kuanzia ngazi mpaka mti wa kipimo na kuupita. Lini? Agosti. Nani kaagiza? Mkuu wa bandari, Si Lamjed. Miaka kumi na minane nimefanya kazi hapa, gati hilo halijawahi kupakwa hata mate.

Nikamuuliza. Akasema ni matengenezo. Nikasema matengenezo ya sehemu ya mti wangu tu? Akaangalia saa. Ana mkutano, anasema. Jumapili!

Jumanne, 24 Septemba

Moncef mwenye hoteli kaniletea kuskusi ya pweza. Bakuli kubwa, limefunikwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi. "Kwa ajili ya jicho lako, Lalla Wasila." Jicho langu! Lina wiki sita tangu lipasuliwe, leo ndiyo amelikumbuka.

Hoteli yake iko kule mbele, mawimbi ya Januari humwingilia mpaka jikoni. Mstari ukichorwa kwa haki, atalaza wageni wake baharini.

Sikula. Nilimpa paka. Paka akala yote akalala, nikamtazama saa nzima nikidhani amekufa. Ameshiba tu.

Mama kanisema usiku kucha. "Chakula cha watu unampa paka! Umekuwa mtu wa namna gani?" Nikamwambia mtu wa namna ya kulipwa mshahara kwa kutoamini. Akachukua bakuli akaenda kuliosha. Mama kuniachia neno la mwisho, hilo nalo jipya.

Ijumaa, 27 Septemba

Kuna njia moja tu ya kujua. Kwenye ukuta wa zawia ya Sidi Ghrib, kaburi la walii wetu, upande wa bahari, kuna kifungo cha shaba, alama ya wapimaji, kilichopigiliwa tangu enzi za babu. Hicho hakisogei. Kadi ya ofisi inasema kifungo kiko juu ya mstari wa mita mbili wa mti kwa sentimita themanini na nne. Kila mwaka mtu wa Tunis huja na darubini kuhakiki. Mwaka huu hakuja, hakuna mafuta ya gari.

Nimekwenda. Hakuna kifungo! Chokaa tupu. Kila mwaka kabla ya siku ya kumzuru walii wanawake hupaka zawia chokaa, hiyo desturi naijua, mimi mwenyewe nimepaka. Lakini kifungo huachwa wazi – Ommi Chadlia, mkubwa wa wanawake waokota kombe, chaza za mchangani, hukifunika kwa kidole gumba wakati brashi inapita. Ni kama adabu. Mwaka huu wamepaka mara mbili, na mara ya pili hakuna aliyeweka kidole.

Nilimkuta Ommi Chadlia mwenyewe mlangoni. Nimemuuliza kwa nini mara mbili. Kasema walii mwenyewe alitaka. "Alikuja ndotoni, mwanangu, kavaa nyeupe." Nikasema walii alikutajia na mfuko wa chokaa wa kilo ngapi? Akaniombea Mungu anisamehe, kwa sauti, ili wengine wasikie.

Jumanne, 1 Oktoba

Naandika yote kwa mpangilio.

Leo msimu wa kombe umefunguliwa. Bamvua la mwezi mchanga, maji yamekupwa mbali sana. Wanawake zaidi ya themanini, ndoo na vyuma vyao, wamevuka Mkondo wa Ngamia, mfereji wa kwendea kwenye mchanga wa kombe, saa mbili wakiwa wanaimba. Kama kila siku, niliandika kwa chaki kwenye ubao mweusi nje ya kibanda changu gatini: maji yatakuwa chini kabisa saa nne kasoro dakika kumi, Mkondoni saa sita na nusu, sentimita sabini. Sabini ni chini ya kiuno. Tunis hunitumia hesabu za mwezi na jua, mimi naongeza ninachokiona kwenye mti. Ndiyo hesabu yangu.

Saa sita na nusu wote walikuwa wamekwisha vuka. Wote! Nilishangaa. Namba inawaruhusu mpaka saa saba, na kombe zimejaa, nani anaacha kombe? Wamebaki wanatazama nyuma.

Au karibu wote: mmoja alibaki ng'ambo. Monjia, mkwe wa Ommi Chadlia, aliyeolewa kiangazi hiki kutoka Matmata, milimani, ambako maji ni ya kisimani. Karibu saa saba akaja taratibu na ndoo kichwani, anaamini ubao. Katikati ya Mkondo maji yakamfika kifuani. Nguo zile zote zikajaa maji. Ndoo ikaenda. Halafu na yeye akaenda.

Wavuvi wawili wakamfuata na mtumbwi. Wamemtoa mbali, karibu na nguzo ya taa. Alitapika maji mengi. Yuko hai. Alhamdulillahi, yuko hai.

Nami nimesimama pale na chaki mfukoni. Namba yangu. Mwandiko wangu.

Na hili niliandike kabla sijalilalia: Ommi Chadlia alipomshika yule binti, analia, anampiga mgongoni, alisema, "Si uliambiwa uongeze –" Akaniona. Akafunga mdomo. Nikamuuliza aongeze nini? Akasema mwendo. Aongeze mwendo.

Mwendo gani! Themanini wote wameongeza mwendo, siku moja, saa moja?

Jumatano, 2 Oktoba

Sikulala. Nimeamka nimeandika ubaoni namba ileile ya mti na kuongeza kumi na moja kwa makusudi, bila kumwambia mtu. Nikakaa dirishani kutazama.

Walipoisoma, wamesimama. Wakatazamana. Mmoja akanyoosha mkono, akapima hewani, kama mtu anayepima kitambaa. Wakanong'ona. Wakarudi mapema mno, karibu saa nzima kabla ya haja.

Wananihesabia! Mimi nawahesabia bahari, wao wananihesabia mimi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimekwangua zawia. Mchana kweupe, baada ya swala, kwa kisu cha kupakia harisa, ile pilipili ya kusaga. Wanaume wakapita hawakusema. Wanawake walisema. "Analikwangua kaburi la walii!" "Mwacheni, jicho limemharibu kichwa." Mmoja kanivuta shungi. Nikaendelea. Tabaka la kwanza, la pili, na chini yake lami kidogo – ndiyo, lami ya bandari! – kisha shaba. Inang'aa.

Sasa nahitaji mtu wa kushika upande wa pili. Kwa mafundi wa nyumba nimeazima mpira wa maji, ule mrefu wa plastiki: maji husimama sawasawa ncha zote mbili, hayajui ndugu wala jirani. Lakini mtu? Kijiji kizima, watu elfu moja na mia mbili, simwamini hata mmoja kushika mpira.

Jumamosi, 5 Oktoba

Aliyeshika ni Monjia.

Alikuja mwenyewe kibandani, amejifunga koti la mumewe, midomo bado ina ngozi ngumu ya chumvi. Nilijua amekuja kunilaumu. Nilikuwa tayari nimeshika meza. Badala yake akasema, "Dada Wasila, namba ile ilikuwa yako kweli?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mbona wenzangu wote walijua si kweli?"

Nilimpa ncha ya mpira. Yeye kwenye shaba, mimi kwenye mti, nimening'inia ngazini kama mwizi. Kadi inasema themanini na nne. Nimepata sabini na tatu. Tukabadilishana ncha, tukapima tena. Sabini na tatu. Mti umepandishwa sentimita kumi na moja, kwa hiyo unaonyesha bahari chini kumi na moja.

Monjia akaja akatazama. Akaweka kiganja chake ubavuni mwa mti, vidole vimebanana, dole gumba pembeni. Kikafunika sentimita kumi na moja sawasawa. Akakaa chini kwenye gati.

"Ongeza kiganja," akasema. Ndivyo walivyokuwa wakiambiana tangu kiangazi – kisimani, kwenye oveni ya mkate, harusini kwake mwenyewe. Kila namba ya Wasila, ongeza kiganja. Yeye hakuambiwa maana yake. Mama mkwe alidhani mume kamwambia, mume akadhani mama kamwambia. Wote walidhani.

Mimi pia hakuna aliyeniambia. Lakini mimi hakuna aliyedhani nimeambiwa.

Miaka kumi na minane! Wananiita Lalla, yaani Bibi Wasila, wananiletea mayai, wananiuliza kuhusu tarehe ya harusi za watoto wao ili bahari isiwaharibie. Na kwa miezi miwili kijiji kizima kimekuwa kikisoma uongo wangu na kuusahihisha vidoleni, na kunisalimu. Nimekasirika mpaka meno yanauma.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimeandika barua ya Tunis. Nimeichana. Nimeandika nyingine, ipo chini ya godoro. Chini ya godoro nimetega uzi mweupe, nijue kama kuna anayepekua. Nyumba yangu mwenyewe!

Jumatatu, 7 Oktoba

Uzi umekatika.

Humu ndani tunaishi wawili.

Jumatano, 9 Oktoba

Siku mbili nilimvizia kwa macho, leo nimemuuliza. Mama alikuwa anachambua mlenda. Nimesema, mama, umesoma barua yangu? Akasema hajui kusoma kwa miwani ile. Nimesema, mama. Akaweka kisu chini.

Kasema yote bila kuulizwa mara ya pili. Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe kumi na mbili, mimi nimelala Sfax na bandeji. Si Lamjed na wanaume watatu. Moncef wa hoteli hakuwepo, mpaka mwezi huu hakujua lolote. (Kumbe pweza alikuwa pweza tu! Nimemwonea mtu wa watu.) Walifungua bolti, wakapandisha, wakafunga, asubuhi yake lami. Na kabla ya kazi walikula. "Walikula hapa," mama kasema. "Niliwapikia mimi. Kwenye meza hiyo."

Nikauliza nani alitoa wazo. Akaanza tena kuchambua mlenda. Nikauliza tena.

"Mimi," akasema. "Nimekuona unasoma ule mti tangu baba yako afe, najua unavyosoma. Nikawaambia msibadilishe daftari, atajua kesho yake. Badilisheni mti."

Nilicheka. Sikujua la kufanya, nikacheka. Eti wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kinanipikia chakula cha mchana!

Baadaye nilimuuliza swali ambalo hasa nilitaka kuuliza. Kwa nini hamkuniambia? Ningeongeza kiganja na mimi, ningejua.

"Kwa sababu ungesema," kasema. "Mwanangu, wewe huwezi kushika uongo. Hata ukiwa mdogo ulikuwa unajishtaki kabla hatujagundua." Alisema kwa upendo. Ndilo lililoniuma zaidi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimepapasa bolti chini ya lami. Spana ya kumi na tisa. Ninayo kibandani. Dakika ishirini, mti unarudi mahali pake.

Sijafanya. Kwa nini sijafanya? Nimekaa nikaitazama spana, nikaenda kunywa chai.

Jumamosi, 12 Oktoba

Walikuja jioni, wanawake saba, Ommi Chadlia mbele. Sikuwakaribisha, wakakaa. Nilijua wamekuja kunitisha, nikaacha mlango wazi.

Hawakunitisha. Ommi Chadlia akaniomba radhi kwa ajili ya kisa cha walii, kuwa alisingizia ndoto. Kisha akataja nyumba, moja moja, kutoka ufukweni kuja juu. Nyumba ya nani, kazaliwa nani humo, maiti ya nani imeoshwa humo. Zote arobaini na moja, bila karatasi. Ya sita alitaja jina la baba yangu.

"Bahari itatufukuza, tunajua," kasema. "Hatuna ugomvi nayo. Ikifika mlangoni tutatoka. Lakini ije yenyewe kutufukuza, siyo karatasi, miaka thelathini kabla haijafika."

Nikasema, na Monjia? Namba yangu nusura iue mtu.

"Mtu asiyejua," akasema mwingine. "Sasa anajua. Kiganja hakimuui anayejua. Nani mwingine hapa hajui?"

Nimewaza sana. Sikupata jina. Nilitafuta kwa uaminifu – mpaka watoto wa shule wanajua, mpaka imamu. Hakuna asiyejua isipokuwa ofisi ya Tunis, na ofisi ya Tunis haiokoti kombe.

Nimewaambia tume ikija nitasaini daftari kama lilivyo. Nimesema kwa mdomo wangu. Ommi Chadlia kanibusu kichwani. Walipoondoka nilikwenda kunawa uso mara mbili. Najisikia mchafu, na wakati huohuo – niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma – nimefurahi. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi wameniangalia usoni.

Jumapili, 13 Oktoba

Mwezi unakaribia kupevuka. Mama kapika, Monjia na mumewe wamekuja kula. Vicheko. Nimekula sana. Nilimtazama Si Lamjed dirishani akipita, akaninyooshea mkono, nikamnyooshea.

Sikuandika barua. Ile ya chini ya godoro nimeichoma.

Wasiwasi mmoja tu: Monjia hakucheka. Kila nikimwangalia anaangalia sahani.

Jumatatu, 14 Oktoba, saa moja asubuhi

Mhandisi wa tume amefika tangu alfajiri. Kijana mpole, viatu safi. Ameangalia daftari, ameangalia mti, hajaitazama zawia hata mara moja. Anasema ana jaribio dogo tu: niandike utabiri wa leo ubaoni kama kila siku, naye atakaa na kusoma mti. Maji yakipita mlemle nilimosema, basi kipimo ni kizima, atasaini, nami nitasaini, na mstari utachorwa.

Rahisi. Mti wa uongo na ubao wa uongo vinakubaliana siku zote.

Gati limejaa. Wanawake wetu hawaendi kombe leo, wamevaa nguo za Ijumaa, wanampelekea mhandisi chai ya lozi na keki. Anasifia. Masikini.

Saa moja na nusu

Lori limeingia. Wanawake, ndoo, vyuma. Si wetu. Wametoka kusini, kijiji cha ng'ambo ya kiwanda – maabara imefunga ufuo wao juzi, kombe zimeingia sumu – wamepewa ruhusa ya kuokota kwetu mpaka mwisho wa mwezi. Ishirini na tatu. Mmoja tumbo limemtangulia, miezi saba hivi. Wetu wamewaangalia kwa jicho la husuda, kombe zao leo zinachukuliwa na wageni.

Mkubwa wao kaja mpaka mlangoni kwangu. Mama wa makamo, meno mawili ya dhahabu. "Wewe ndiye binti wa bahari? Mkondo wenu hatuujui. Tumeambiwa ubao wako haukosei. Tuandikie, mwanangu, tuvuke."

Nimemwambia asubiri kidogo, nahesabu.

Mti unasema hivi: Mkondoni saa sita na nusu, sabini na nne. Ukweli themanini na tano. Nikiandika themanini na tano, mhandisi ataona saa sita na nusu kwamba mti na ubao havipatani, atauliza, atapima, ataikwangua zawia. Nyumba arobaini na moja. Nikiandika sabini na nne –

Siwezi kunong'ona. Ni ishirini na tatu, na mhandisi kakaa kwenye kiti chini ya ubao na kikombe mkononi.

Saa mbili kasoro robo

Nimeamua hivi. Wetu wamesimama hatua tatu kutoka kwao, karibu sitini. Kila mmoja anajua kiganja. Hawahitaji kusema, hata kuonyesha mkono tu kunatosha, mhandisi hataelewa. Mmoja tu akijitokeza kuwaonya wageni, mmoja! – naandika sabini na nne na kusaini na kunyamaza mpaka nife. Nawapa dakika kumi. Natazama dirishani.

Ommi Chadlia anamimina chai.

Si Lamjed anamwonyesha mhandisi aina za mashua.

Wageni wanafunga nguo magotini. Yule mjamzito amekalishwa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mwenzake anamfunga kiatu.

Monjia amesogea. Amesogea hatua moja, mkono wake uko tumboni, vidole vimebanana. Mumewe kamshika kiwiko. Amerudi.

Dakika zimekwisha. Hakuna.

Mara nyingi nimewashuku kwa mambo yasiyo yao, pweza wa Moncef na hodi ya Monjia na ujio wa wale saba. Nilikuwa nataka leo nikosee tena.

Mkubwa wao anaita kutoka nje, "Binti wa bahari! Maji hayamngoji mtu!" Wanacheka. Wamebeba ndoo.

Nimechukua chaki na spana pia, nimevitia mfuko mmoja. Naandika hii nikiwa nimesimama. Mama ameingia sasa hivi. Kaangalia mfuko. Amesimama mlangoni, mikono kwenye miimo miwili, kwa nguo yake ya Ijumaa.

Nimemwambia, mama, nipishe.

Hajasogea.